Sanduku la Shabaha na Jinsi Ulengaji Ulivyoingia Nyumbani

Wanaoandika historia ya kulenga shabaha huanza na bunduki, na wengi huishia hapo hapo. Watakueleza nani aliibuni, alipata hataza mwaka gani, springi yake ilikuwa na nguvu kiasi gani na leo inauzwa kwa bei gani mnadani. Kuhusu kule ilikokwenda risasi baada ya kutoka mtutuni, utaambiwa tu kwamba ilipiga shabaha. Pengo hilo si dogo. Mchezo wa kulenga haupati kibali cha kukaa katikati ya nyumba za watu kwa sababu tu bunduki yake ni dhaifu. Hukaa kwa sababu upande wa pili pana kitu kinachoipokea risasi, kinaituliza, na kuizuia isipite wala isirudi kwa aliyeifyatua. Kwa sehemu kubwa ya historia yake kitu hicho kimekuwa sanduku, na mara nyingi sanduku la kujitengenezea. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba sanduku hilo ndilo lililouingiza ulengaji ndani ya nyumba, na kwamba kila aina ya risasi, pamoja na kila aina ya nyumba, ililazimisha sanduku la namna yake. Akilizingatia hilo, mtu ataacha kulidharau boksi la katoni lenye taulo kuukuu ndani yake, ambalo leo wachezaji wa easofti, yaani bunduki za bandia zinazorusha gololi ndogo za plastiki, hujitengenezea sebuleni.

Safari yenyewe ilianza Ulaya. Mwaka 1845 fundi bunduki wa Paris, Louis-Nicolas Flobert, alibandika kigololi cha madini ya risasi kwenye mdomo wa fataki ya kawaida, akapata risasi ya milimita 6 isiyohitaji baruti nyingine yoyote. Ilitosha kulengea ndani ya ukumbi. Wajerumani na Waaustria nao walikuwa na bunduki zao za vyumbani za milimita 4, zilizolengwa kwa umbali wa mita 15 katika kumbi za nyumba za wageni, na huko Herkimer katika jimbo la New York, Henry Quackenbush alianza kuuza bunduki za upepo katika miaka ya 1870. Bunduki hizi zilitofautiana sana, lakini zote zilirusha madini laini, na hapo ndipo sanduku lao lilipopata umbo. Risasi ya madini laini ikigonga bamba la chuma hubonyea. Nguvu iliyokuja nayo huishia katika kujibonyeza huko, na bamba likiwekwa kwa mwinamo, kilichobaki huteremka na kuangukia kwenye trei chini. Fundi yeyote wa vyuma aliweza kutengeneza sanduku la aina hiyo, na madini yaliyokusanyika humo yaliyeyushwa na kutumika tena.

Mahali ambapo sanduku hili lilipata maisha kamili ni Birmingham na miji iliyouzunguka, katikati ya Uingereza. Vita vya Makaburu, vilivyoanza mwaka 1899, viliwashtua Waingereza, kwani wakulima wa Afrika Kusini waliwapiga risasi askari wao kwa ustadi ambao jeshi la himaya halikuutarajia. Mwaka 1901 kikaundwa chama cha kuendeleza vilabu vya kulenga kwa bunduki ndogo, na Lord Roberts, aliyekuwa ameongoza jeshi katika vita hivyo, akawa miongoni mwa waliolipigia debe wazo la kila raia kujua kulenga. Wazo hilo lilitoka kwa wakubwa. Wafanyakazi wengi wa viwandani hawakuwa na viwanja vya kulengea wala nafasi ya kuvifuata mbali na mji. Kisha mwaka 1904 Lincoln Jeffries, fundi bunduki wa Birmingham, alipata hataza ya bunduki ya upepo yenye uwezo wa kulenga kwa uhakika, na kuanzia mwaka 1905 kiwanda cha BSA cha mji huo huo kikaanza kuizalisha. Bunduki ikawa imepatikana, ila ukumbi ulikuwa bado. Ukumbi ukapatikana katika baa.

Shabaha ya baa ilikuwa sanduku la chuma lenye uso wa bamba, na katikati ya bamba tundu la sehemu tatu kwa nane ya inchi, yaani chini kidogo ya sentimita 1. Nyuma ya tundu kulikuwa na kengele. Mlengaji alisimama yadi chache tu kutoka hapo, sita au saba katika ligi nyingi. Risasi iliyopita katikati iligonga kengele na baa nzima ikasikia. Iliyokosa tundu iliacha alama kwenye bamba lililopakwa rangi nyeupe mbichi, mwamuzi akaisoma alama hiyo kwa kuangalia imeangukia duara gani, kisha akapitisha brashi ya rangi ili mlengaji afuataye apate uso safi. Kifaa hiki kilifanya kazi tatu kwa pamoja. Kiliizuia risasi, kilitangaza matokeo, na kiliandika ushahidi ambao hata mlevi hakuweza kuubishia kwa urahisi. Kazi hiyo ya pili ina uzito kuliko inavyoonekana. Baa ni mahali pa kelele na ubishi, na mchezo ambao matokeo yake yanajulikana kwa mtu mmoja tu aliyeenda kukagua karatasi usingedumu humo hata msimu mmoja. Kengele iliwafanya wanywaji wote kuwa mashahidi. Ligi za baa zikaundwa, baa moja ikicheza na nyingine, na mchezo huo wa kengele bado unachezwa katika baadhi ya sehemu za Uingereza mpaka leo.

Hapa msomaji makini atanipinga. Atasema kilichouruhusu mchezo huu ndani ya baa ni udhaifu wa bunduki na ulegevu wa sheria, na sanduku lilikuja baadaye kama nyongeza. Pingamizi hili lina nguvu. Sheria ya silaha ya Uingereza ya mwaka 1920, iliyowataka watu kuwa na cheti cha polisi kwa bunduki za kawaida, iliziacha nje bunduki za upepo isipokuwa zile zitakazotajwa kuwa za hatari ya pekee. Mwaka 1969 mpaka ukawekwa kwa namba: bunduki ndefu ya upepo isizidi nguvu ya takriban jouli 16. Bila nafasi hiyo katika sheria hakuna baa ambayo ingethubutu. Nakubali yote hayo. Lakini sheria husema mtu anaruhusiwa kumiliki nini, na haisemi risasi itaishia wapi. Bunduki ya upepo ya nguvu hiyo inaua ndege na inaweza kumtoboa mtu jicho. Ukiifyatua kwenye chumba chenye watu thelathini wenye bilauri mikononi bila kuwa na chombo cha kuipokea, udhaifu wake hautakuokoa na lolote. Udhaifu wa bunduki ulilifanya sanduku liwezekane kwa uzito na gharama ndogo, na sanduku likaufanya ukumbi uwezekane. Anayetaka kuondoa kimojawapo katika maelezo haya itampasa aoneshe baa moja iliyolenga ukutani kwa miaka mingi bila maafa.

Ushahidi ulio bora zaidi kwa hoja yangu unatoka Japani, maana huko bunduki ilidhoofishwa mara kumi na zaidi, na bado sanduku halikuondoka. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajapani waliwekewa masharti makali ya silaha, yaliyokusanywa katika sheria ya bunduki na panga ya mwaka 1958. Raia wa kawaida hawezi kumiliki bastola. Hamu ya bastola, hata hivyo, ilikuwapo, na filamu za Marekani za wachunga ng'ombe na za majasusi ziliichochea. Katika miaka ya 1960 viwanda kama MGC vikauza bastola za sanamu za chuma, zisizorusha kitu, zilizofanana na za kweli kiasi cha kuwatia polisi wasiwasi. Mwaka 1971 sheria ikabadilishwa: bastola ya sanamu ya chuma ipakwe rangi nyeupe au ya njano na mtutu wake uzibwe. Mwaka 1977 masharti yakaongezwa tena. Wapenzi wa sanamu hizo wakabaki na kitu kilichopakwa rangi ya kuchekesha na kisichoweza kufanya lolote. Viwanda vikahamia plastiki, na kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 mpaka miaka ya 1980 zikatokea bunduki za plastiki zenye springi, kisha za gesi, zinazorusha gololi za plastiki. Gololi iliyoenea ikawa ya milimita 6, kipimo kile kile cha Flobert ingawa hakuna undugu kati yake. Mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ikatoa bunduki ya kwanza ya umeme katika safu yake, nakala ya FAMAS, bunduki ya jeshi la Ufaransa, na mchezo ukasambaa duniani.

Nguvu ya bunduki hizi ni ndogo. Baada ya watu kupiga magari barabarani kwa bunduki zilizoongezewa nguvu, Japani ilirekebisha sheria mwaka 2006, na bunduki ya gololi za milimita 6 ikawekewa mpaka wa jouli 0.98, huku zile za watoto wa kuanzia miaka kumi chama cha watengenezaji kikiziwekea jouli 0.135. Linganisha na jouli 16 za Uingereza. Kwa hesabu ya kawaida mtu angetarajia kwamba hapa sanduku halihitajiki tena: weka kopo tupu la soda mbele ya ukuta, fyatua, basi. Kumbe plastiki ilileta tatizo ambalo madini laini hayakuwa nalo. Gololi ya gramu 0.2 yenye jouli 0.98 huenda kwa mwendo wa karibu mita 99 kwa sekunde, na ikigonga ukuta au bamba haibonyei. Inadunda. Hurudi na sehemu kubwa ya mwendo wake, kwa pembe isiyotabirika, na njia yake inaweza kuishia usoni mwa mlengaji. Lile sanduku la chuma la Birmingham, lililokuwa salama kabisa kwa risasi yenye nguvu mara kumi na sita, lingekuwa mtego ukilitumia kwa gololi ya plastiki. Udhaifu wa bunduki, ambao mpinzani wangu aliutegemea, haukutosha hata kidogo hapa. Ilibidi sanduku libuniwe upya.

Na namna lilivyobuniwa upya inavutia kwa sababu hakuna mbunifu wake anayejulikana kwa jina. Watu walilifikia kila mmoja nyumbani kwake kwa kujaribu vilivyopo. Mpangilio wake ni huu. Boksi la katoni hulazwa ili mdomo wake umwelekee mlengaji. Karatasi ya shabaha hubandikwa mdomoni, ikiachiwa nafasi ndogo chini. Ndani, nusu ya njia kuelekea nyuma, huning'inizwa kitambaa kizito: taulo, fulana kuukuu iliyokunjwa mara mbili, au kipande cha blanketi. Siri yote iko katika kuning'iniza. Kitambaa kifungwe juu tu, kwenye kijiti au mwanzi unaopita upande hadi upande, na chini kiachwe huru. Anayekibana pande zote nne anatengeneza ngoma, na gololi itadunda kama kawaida. Kikiachwa huru, gololi inapokigusa hukisukuma nyuma, kitambaa kinatembea nayo sentimita kadhaa, na mwendo unaisha humo. Hesabu inalionesha hilo wazi. Jouli 0.98 ikimalizwa ndani ya milimita moja inahitaji nguvu ya wastani ya karibu nyutoni 980. Ikimalizwa ndani ya sentimita 5, nyutoni 20 zinatosha, nguvu ambayo fulana kuukuu inaihimili bila kutoboka. Gololi huanguka sakafuni mwa boksi, na ukingo mdogo wa katoni unaoachwa chini ya mdomo wa boksi huzizuia zisimwagike. Nyuma ya kitambaa huongezwa katoni tabaka mbili tatu kwa ajili ya siku ambayo kitambaa kitachakaa. Tahadhari moja inarithiwa kutoka kwa wachezaji wote wazoefu: gololi zilizokwisha kutumika huwa na mikwaruzo na zinaweza kukwama mtutuni, kwa hiyo zikusanywe na kutupwa, tofauti na madini ya Birmingham yaliyorudi jikoni kuyeyushwa.

Kuna tofauti nyingine kati ya masanduku haya mawili ambayo bunduki haiwezi kuieleza hata kidogo. Sanduku la baa lilitengenezwa lipige kelele. Sanduku la Kijapani lilitengenezwa linyamaze. Sababu iko katika nyumba. Nyumba ndogo ya ghorofa katika mji wa Japani ina ukuta mwembamba, na nyuma ya ukuta huo kuna jirani ambaye hataki kusikia gololi mia zikigonga bati saa nne usiku. Kitambaa kinachotuliza gololi kinatuliza na sauti, na pengine kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukichagua. Mlengaji wa Birmingham alihitaji mashahidi, wa Tokyo anahitaji asisikike. Mchezo ni ule ule wa kupitisha kitu kidogo katikati ya duara, ila majirani ni wengine, na sanduku likawatii majirani. Ndiyo maana naona kwamba ukitaka kujua jamii fulani iliishije na mchezo huu, utajifunza mengi kwa kulichunguza sanduku kuliko kuichunguza bunduki, ambayo huko Japani kwa kawaida ilinakiliwa kutoka jeshi la nchi nyingine.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu kuliko la kwanza. Easofti haikukua sebuleni, watasema. Ilikua msituni na katika majengo yaliyoachwa, watu wakigawanyika timu mbili na kurushiana gololi wakiwa wamevaa miwani ya kinga. Sanduku ni jambo la pembeni, la wale wasiopata wenzao wa kucheza nao. Ni kweli kwamba mchezo wa timu ndio ulioipa easofti umaarufu na soko, na sitajaribu kudai kwamba katoni ndiyo iliyouza bunduki milioni. Lakini msitu ni wa siku moja ya wikendi, na mkono unaolenga haujengwi kwa siku moja. Pia kuna walengaji wa Kijapani ambao hawakwenda msituni kabisa. Mashindano ya Steel Challenge, yaliyoanzishwa California mwaka 1981, huwapima watu kwa kasi ya kupiga mabamba matano ya chuma katika kila hatua, na Wajapani waliyaiga kwa bunduki za gololi kwa kuwa za kweli hawaruhusiwi kuwa nazo. Mwaka 2004 Tatsuya Sakai, ambaye mazoezi yake nchini mwake yalikuwa ya bunduki za plastiki, alikwenda Marekani akashindana kwa bastola ya kweli na kushinda ubingwa wa dunia wa mashindano hayo, mbele ya watu waliokulia viwanjani. Kuchomoa, kulenga na kubonyeza kunaweza kujifunzwa ndani ya chumba, alimradi gololi iwe na pa kwenda. Pembeni huko ndiko ustadi ulikotengenezewa.

Wengine watauliza ushahidi wenyewe uko wapi, kwa kuwa sanduku la katoni hutupwa likichakaa na hakuna makumbusho yaliyolihifadhi. Ni swali la haki, na kwa mwanahistoria lina uchungu wake. Hata hivyo ukosefu wa mabaki haufuti matumizi. Vitu vingi vya nyumbani vilivyofanya kazi kubwa vimepotea hivyo hivyo, na tunavijua kwa kusoma mahitaji yaliyovizaa. Hapa mahitaji yako wazi: sheria iliyopima nguvu kwa jouli, gololi isiyobonyea, na ukuta mwembamba. Mtu yeyote anayeweka mambo hayo matatu mezani na kuanza kujaribu atafika kwenye kitambaa kinachoning'inia ndani ya boksi, na ndiko watu wa nchi mbalimbali walikofika bila kuagana. Wapo pia wanaosema kwamba sanduku la kununua limelifuta la kujitengenezea. Maduka yanauza shabaha za plastiki zenye wavu na nyingine zenye gundi laini inayoinasa gololi, na ni nzuri. Lakini shabaha ya dukani ina ukubwa mmoja, na nyumba hazina ukubwa mmoja. Anayelenga kwenye korido ya mita 4 hahitaji upana anaouhitaji anayelenga kwa mita 10, na mwenye bunduki ya jouli 2.5, mpaka ambao sheria ya Uingereza ya mwaka 2017 iliuweka kwa easofti ya gololi moja moja, anahitaji tabaka za kitambaa ambazo mwenye jouli 0.135 hana haja nazo.

Kuhusu wasiwasi wa wazazi kwamba kulenga nyumbani kunamzoeza mtoto silaha, sina jibu la kuwaridhisha wote, na siamini sanduku linaweza kumaliza mjadala huo. Ninachoweza kusema ni kwamba anayelenga kwenye sanduku anajifunza kabla ya yote kufikiria risasi inakokwenda, na hilo ndilo somo ambalo wale waliopiga magari barabarani Japani hawakuwa nalo. Atakayeamua kujenga sanduku lake aulize kwanza polisi wa nchi yake sheria inasemaje kuhusu bunduki za upepo na za bandia, kwa maana nchi hazilingani. Kisha avae miwani ya kinga yeye na kila aliyemo chumbani, na alijaribu boksi kwa gololi chache akiwa amesimama kando kidogo. Gololi moja ikirudi, kitambaa kimebanwa mno. Akilegeze kabla ya kuendelea.